Kipi Kinapaza, Kipi Kinapokea? Uhakiki wa Istilahi za Vifaa vya Kusikilizia vya Kompyuta

Utangulizi

Makala haya yana shabaha ya kuhakiki istilahi chache za Kiswahili zinazotumiwa katika maelezo ya vifaa vya kusikilizia vinavyovaliwa kichwani, hususan vile visivyo na waya ambavyo vina maikrofoni yake. Vifaa hivi vimeenea sana miongoni mwa vijana wanaocheza michezo ya kompyuta pamoja na wenzao walio mbali, lakini havikuishia kwao. Tangu mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga shule na kuwazuia watu kukutana, mwalimu, mkalimani na mtumishi wa serikali nao wamejikuta wakivivaa ili wafundishe, wafasiri au wahudhurie mkutano. Kwa hiyo jambo tutakalolijadili, ingawa lilianzia katika mchezo, si la mchezo.

Kisa kilichotusukuma kuandika ni kidogo. Kijana mmoja wa jamaa zetu, mwanafunzi wa sekondari, alinunua kifaa cha aina hii kwa fedha alizoweka akiba kwa muda mrefu. Alipokijaribu kwa muziki, sauti ilikuwa nzuri. Alipoanza kucheza na wenzake na kufungua maikrofoni ili wazungumze, sauti yote ilififia ikawa kama inatoka ndani ya debe, na nyayo za wapinzani wake, ambazo kwanza alizisikia zikija kulia au kushoto, sasa zilisikika mahali pamoja tu. Alikirudisha dukani. Muuzaji akamwambia kuwa kifaa ni kibovu, akampa kingine baada ya kijana kuongeza fedha. Kile cha pili kikafanya vilevile. Hapo ndipo alipotuletea kijitabu cha maelekezo kilichokuwamo katika boksi, chenye kurasa za Kiswahili, akauliza sisi wenye kazi ya maneno tunaelewa nini humo.

Tulikisoma mara mbili bila ya kuelewa. Mara ya tatu tulijaribu kurudisha kila neno katika Kiingereza lilikotoka, na mara moja maana ikajitokeza: kijitabu kilikuwa kimeeleza sababu ya tatizo lile, tena kwa ukweli kabisa. Kifaa hakikuwa kibovu. Kilichokuwa kibovu ni istilahi. Tukaona kuwa istilahi ambayo haieleweki mpaka irudishwe katika lugha ilikotoka, kwa hakika haijatafsiriwa bado. Imevishwa nguo tu.

Kifaa chenyewe na namna kinavyofanya kazi

Yafaa kwanza tuieleze dhana kabla ya kulihukumu neno, maana mhakiki wa istilahi asiyekijua kitu chenyewe hana tofauti na hakimu asiyesikiliza mashahidi.

Vifaa vingi visivyo na waya hutumia utaratibu wa Bluetooth, yaani utaratibu wa kupelekeana habari kwa mawimbi ya redio katika umbali mfupi. Utaratibu huu ulisimamiwa tangu mwaka 1998 na umoja wa makampuni ambao waanzilishi wake walikuwa Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba, na jina lake limetokana na Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Mawimbi yake yamo katika masafa ya karibu GHz 2.4, na katika mpango wake wa asili chombo huruka kutoka chaneli hadi chaneli mara 1,600 kwa sekunde, katika jumla ya chaneli 79, ili kukwepa kuingiliwa na vyombo vingine.

Kwa upande wa sauti, utaratibu huo una njia mbili zilizo tofauti. Njia ya kwanza ilibuniwa kwa ajili ya muziki. Sauti husafiri upande mmoja tu, kutoka kwenye kompyuta au simu kwenda masikioni, na hubeba mikondo miwili: mmoja wa sikio la kulia na mmoja wa sikio la kushoto. Kwa namna ya kawaida ya kuifinyaza sauti katika njia hii, kompyuta huweza kupeleka biti zipatazo 328,000 kwa sekunde, na kila mkondo huchukuliwa sampuli 44,100 kwa sekunde. Kanuni ya fani hii ni kwamba sauti ya juu kabisa inayoweza kuhifadhiwa haizidi nusu ya idadi ya sampuli. Kwa hiyo sampuli 44,100 hutosha kuhifadhi sauti zote ambazo sikio zima la binadamu husikia, yaani tangu Hz 20 hadi karibu Hz 20,000.

Njia ya pili ilibuniwa kwa ajili ya simu, hasa kumwezesha dereva kuzungumza bila ya kuishika simu mkononi. Humo sauti husafiri pande zote mbili kwa wakati mmoja, lakini kila upande hupewa biti 64,000 tu kwa sekunde, na mkondo ni mmoja. Katika namna yake ya zamani sampuli ni 8,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilicho juu ya Hz 4,000 hupotea. Namna iliyoongezwa mwaka 2011 ilifikisha sampuli 16,000, na mpaka ukawa Hz 8,000. Hayo yanatosha kwa mazungumzo, lakini hayatoshi kwa muziki wala kwa mchezo.

Sasa msomaji ataona chanzo cha tatizo. Maikrofoni ya kifaa hiki huweza kutumika katika njia ya pili tu. Mara programu yoyote ya kompyuta inapoifungua maikrofoni hiyo, kompyuta huiacha njia ya muziki na kuingia katika njia ya simu, na sauti yote, pamoja na ile ya mchezo, hulazimika kupita humo. Mikondo miwili huwa mmoja. Ndiyo maana nyayo za mpinzani hazikuwa tena na kulia wala kushoto. Sauti za juu hukatwa. Ndiyo maana ilisikika kama imo ndani ya debe.

Hasara hiyo haimpati mchezaji peke yake. Konsonanti kama /s/ na /f/ hutofautiana hasa kwa sauti za juu, na nyingi kati ya sauti hizo ziko juu ya Hz 4,000. Mkalimani anayesikiliza kwa njia ya simu huweza kushindwa kupambanua saa na faa, au suka na fuka, ijapokuwa msemaji ametamka sawasawa. Mwalimu anayefundisha matamshi kwa njia hiyo anafundisha kitu ambacho mwanafunzi hakisikii.

Istilahi zinazobadilishana kazi

Tuanze na majina ya sehemu mbili kuu za kifaa. Ile inayoelekea kinywani, kijitabu kinaiita kipaza sauti. Zile zinazokaa masikioni kinaziita vipokea sauti. Majina haya hayakubuniwa na mwandishi wa kijitabu. Yameenea katika simu na kompyuta zenye lugha ya Kiswahili, na jina la kwanza ni la zamani kuliko kompyuta zenyewe. Hata hivyo uenezi wa neno haulizuii lisihakikiwe.

Kupaza sauti ni kuifanya sauti iwe kubwa ili isikike mbali. Maikrofoni haifanyi hivyo. Kazi yake ni kuipokea sauti ya msemaji na kuigeuza iwe umeme. Kinachoipaza sauti ni amplifaya pamoja na spika, vyombo ambavyo katika kifaa hiki haviko upande wa kinywa. Kwa upande wa pili, kile kilicho sikioni hakipokei sauti. Kinapokea umeme na kutoa sauti, na mpokeaji wa sauti ni sikio lenyewe. Matokeo yake ni kwamba katika ukurasa mmoja chombo kinachopokea sauti kimeitwa kipaza, na chombo kinachotoa sauti kimeitwa kipokea. Majina yamebadilishana kazi.

Mtu huweza kusema kuwa haidhuru, madhali watu wamezoea. Lakini tazama yanayotokea hitilafu inapozuka. Kijitabu kinamshauri mtumiaji aangalie mpangilio wa kipokea sauti ikiwa sauti haisikiki vizuri. Sauti ya nani? Yake kwa wenzake, au ya wenzake kwake? Mtumiaji anayefuata maana ya Kiswahili ataangalia maikrofoni, kwa kuwa ndiyo inayopokea sauti. Anayefuata mazoea ataangalia kilicho sikioni. Wote wawili wamesoma sawasawa, na mmoja wao atapotea. Tatizo la njia mbili tulilolieleza ni tatizo la uhusiano baina ya maikrofoni na kilicho sikioni. Haliwezi kuelezwa kwa lugha ambayo haijui kipi ni kipi.

Ugumu huo huongezeka kwa sababu kipaza sauti ni pia jina la spika kubwa zinazofungwa misikitini, makanisani na katika mikutano ya hadhara, na wakati mwingine la mtambo wote kwa jumla. Mwenyekiti anaposema kuwa kipaza sauti kimeharibika, fundi huuliza: kipi, cha mkononi au cha juu ya mti? Katika mkutano swali hilo hujibiwa kwa kidole. Katika kijitabu hakuna kidole.

Tafsiri za mashine huongeza la tatu: vichwa vya sauti. Hili ni tafsiri ya sisisi ya maneno mawili ya Kiingereza, na halina maana yoyote kwa Mswahili. Halihitaji uhakiki mrefu, linahitaji kuachwa.

Wasifu, mikono na dereva

Zile njia mbili, ambazo ndizo kiini cha jambo, kijitabu kinaziita wasifu. Ipo ya kwanza iliyo wasifu wa sauti ya hali ya juu, na ya pili iliyo wasifu wa mikono huru. Neno wasifu kwa Mswahili ni maelezo ya maisha na sifa za mtu; tunausoma wasifu wa marehemu mazishini, na mwombaji kazi hupeleka wasifu wake kwa mwajiri. Mtumiaji anapoambiwa kuwa kifaa kimebadilisha wasifu, hana njia ya kukisia kuwa barabara ya sauti ndiyo iliyobadilika.

Mikono huru nayo imetokana na hali ya dereva wa gari tuliyemtaja. Mchezaji wa kompyuta ambaye mikono yake yote miwili ina shughuli nyingi kuliko kawaida hawezi kudhani kuwa maneno hayo yanamhusu. Hapa mfasiri ametafsiri historia ya kitu badala ya kazi yake. Hata katika lugha ya asili jina hilo lilikwisha kupitwa na wakati, lakini wenye lugha hiyo walau wana mazoea yake. Sisi tumeupokea uzee wake bila ya mazoea yake.

Kijitabu hichohicho kinamtaka mtumiaji asasishe dereva. Kitu kinachokusudiwa ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa. Baadhi ya wafasiri hutumia kiendeshi, neno ambalo ni bora kwa umbo, lakini lina kasoro ya kutumiwa pia kwa chombo cha kuhifadhia kumbukumbu za kompyuta.

Lipo pia kughairi kelele. Katika Kiswahili mtu hughairi safari au nia. Kughairi ni tendo la moyo. Kelele haighairiwi. Isitoshe, neno hilo limetumiwa kwa kazi mbili zilizo mbali: ile ya kumpunguzia msikilizaji kelele za mazingira yake, na ile ya kuzichuja kelele hizo zisiingie katika sauti anayoipeleka kwa wenzake. Mtumiaji anayefungua moja akitazamia nyingine hulaumu kifaa bure.

Mwisho ni masafa. Kijitabu kinasema kuwa masafa ya kifaa ni mita 10, na mistari michache chini kinasema kuwa masafa ni GHz 2.4. Matumizi yote mawili ni sahihi katika Kiswahili: masafa ni mwendo ulio baina ya mahali na mahali, na wasikilizaji wa redio wamezoea pia masafa mafupi na masafa ya kati. Lakini neno moja haliwezi kubeba dhana mbili za fani moja katika ukurasa mmoja. Kwa kuwa Kiswahili kina neno umbali lililo wazi kabisa, hapana sababu ya kuyatwisha masafa mzigo wote.

Haki inatutaka tutaje pia lililo jema. Kuoanisha, kwa maana ya kuvifanya vyombo viwili vitambuane, ni istilahi nzuri. Mzizi wake ni wa Kiswahili, umbo lake ni la kawaida, na maana yake inafuata tabia ya kitu: vyombo vikishaoanishwa hukumbukana, na kila vikutanapo huungana bila ya kuulizana upya. Aliyelichagua neno hili alikitazama chombo kikifanya kazi. Hiyo ndiyo tofauti.

Kiini cha kasoro

Si haki kuwatupia wafasiri wa vijitabu lawama zote. Mfasiri wa namna hii mara nyingi hupewa orodha ya maneno yaliyokatwakatwa, bila ya picha, bila ya sentensi na bila ya kifaa chenyewe. Anapolikuta neno moja peke yake, hulipa tafsiri ya kwanza iliyo katika kamusi. Ndivyo wasifu unavyozaliwa.

Lakini hata sisi tunaofanya kazi ya istilahi hatuna budi kukubali sehemu yetu. Kwa muda mrefu tumeandaa istilahi kwa orodha za alfabeti: neno la kigeni upande mmoja, neno la Kiswahili upande wa pili. Orodha hizo zilikuwa na manufaa makubwa. Vijitabu vya Tafsiri Sanifu vya Baraza la Kiswahili la Taifa viliwasaidia watumishi wa ofisi nyingi, na kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ajili ya programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004 ilionyesha kuwa kompyuta inaweza kusema Kiswahili. Kasoro ya orodha ni kwamba hulitazama kila neno peke yake. Maikrofoni huangukia katika herufi moja, spika katika nyingine, na hakuna anayeuliza kama majina yao yatagongana yatakapokutana katika kifaa kimoja.

Istilahi huishi kwa jamaa, si kwa upweke. Neno kipaza sauti si baya likiwa peke yake. Ubaya wake unaonekana linapoketi kando ya kipokea sauti. Hali kadhalika masafa si neno baya hata kidogo mpaka litokee mara mbili. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwandaaji wa istilahi ni kuzichora dhana za fani na mahusiano yao, na kazi ya pili ndiyo kuzipa majina.

Mapendekezo

Kwa kuufuata utaratibu unaojulikana, wa kutafuta kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu na za Afrika, na hatimaye katika lugha za kigeni, tunapendekeza yafuatayo yajadiliwe.

Kwanza, chombo kinachopokea sauti na kuigeuza iwe umeme kiitwe maikrofoni. Neno hili ni la mkopo, lakini limekwisha kukaa, linafuata silabi za Kiswahili, na halina maana nyingine ya kulichanganya. Kipaza sauti libaki kwa mtambo wa mikutano ya hadhara, mahali ambapo kwa kweli sauti hupazwa, na spika liwe jina la kile kinachoitoa sauti katika mtambo huo au penginepo nje ya sikio.

Pili, kilicho masikioni kiitwe kisikizi, wingi wake visikizi, kutokana na kitenzi sikiza ambacho hutumika sana Zanzibar na mahali pengine pa pwani. Jina hili linakitaja chombo kwa kazi yake kwa binadamu, haliwezi kudhaniwa kuwa ni maikrofoni, na ni fupi kuliko fungu la maneno linalotumika sasa. Kifaa kamili kitakuwa visikizi vyenye maikrofoni, na visivyo na waya vitakuwa visikizi pasiwaya.

Tatu, zile njia mbili ziitwe njia ya usikilizaji na njia ya mazungumzo. Maneno haya hayahitaji kufafanuliwa. Mtumiaji akiambiwa kuwa kufungua maikrofoni kunakitoa kifaa katika njia ya usikilizaji na kukiingiza katika njia ya mazungumzo, ambayo ni nyembamba kama ya simu, atakuwa amekwisha kuelewa tatizo lake kabla ya kufika mwisho wa sentensi.

Nne, sauti ya njia ya kwanza iitwe sauti ya mikondo miwili, na ya pili sauti ya mkondo mmoja. Stereo na mono yanaweza kuendelea katika mazungumzo, lakini katika maelekezo mikondo inaonyesha kile kinachopotea.

Tano, masafa yaachiwe marudio ya mawimbi, na umbali utumike kwa mwendo. Badala ya kughairi kelele tuseme kufifisha kelele kwa kazi ya sikioni, na kuchuja kelele kwa kazi ya maikrofoni. Kule sauti kuchelewa kufika baada ya picha kuonekana, jambo linalowasumbua sana wachezaji, kuitwe ukawiaji wa sauti, wala si ucheleweshaji, kwa sababu umbo la kusababisha linadokeza kuwa yuko mtu anayeichelewesha kwa makusudi.

Ili kuyapima mapendekezo haya, tulimwandikia yule kijana maelezo yafuatayo, ambayo tunayanakili hapa kwa kuwa kipimo cha istilahi ni sentensi:

"Visikizi vyako ni vizima. Ukifungua maikrofoni yake, kompyuta huingia katika njia ya mazungumzo, na sauti ya mikondo miwili huwa ya mkondo mmoja. Ukitaka kuzungumza na huku ubaki katika njia ya usikilizaji, chagua maikrofoni nyingine katika mpangilio wa sauti wa kompyuta na wa mchezo: ile iliyomo ndani ya kompyuta, au ya waya iliyo mezani. Ukinunua vingine siku za usoni, tafuta vile vyenye kipande chake cha redio cha kuchomeka katika kompyuta, ambavyo havipiti katika Bluetooth, au vya waya."

Aliyasoma mara moja, akabadilisha maikrofoni, na nyayo zikarudi kulia na kushoto. Fedha aliyoongeza dukani haikurudi.

Hoja za kupinga

Tunatazamia hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba kipaza sauti kimezoeleka mno kwa maana ya maikrofoni hata hakiwezi kuondolewa. Tunakubali kuwa hakiwezi kuondolewa katika mazungumzo ya kila siku, wala si kazi yetu kukiondoa. Neno la kawaida lina ruhusa ya kuwa na maana nyingi. Istilahi haina ruhusa hiyo. Mwalimu wa fizikia hutumia neno nguvu kwa maana moja darasani, na kwa maana kumi nje ya darasa.

Hoja ya pili ni kwamba watu hawatayapokea maneno mapya. Historia inaonyesha pande zote mbili. Ngamizi halikushika, na tarakilishi limeshika zaidi katika shule za Kenya kuliko Tanzania, ambako kompyuta imetawala. Lakini kishikwambi kilienea nchini Tanzania kwa muda mfupi wakati wa Sensa ya mwaka 2022, kwa sababu neno lilifika pamoja na kitu mikononi mwa makarani. Neno lililobaki ndani ya orodha halina wa kulitamka. Kwa hiyo visikizi lipelekwe kwenye vijitabu, kwenye mpangilio wa kompyuta na kwa wauzaji wa maduka, au lisipelekwe kabisa.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi: kwamba ufundi wenyewe unabadilika, na tatizo hili litakwisha kabla ya istilahi zake kukubaliwa. Ni kweli kwamba utaratibu mpya wa sauti wa Bluetooth, uitwao LE Audio, ulikamilishwa mwaka 2022, na kwamba mwaka 2025 Microsoft ilitangaza kuwa katika Windows 11 vifaa vya utaratibu huo vinaweza kudumisha sauti ya mikondo miwili huku maikrofoni ikitumika. Lakini jambo hilo huhitaji kifaa kipya na kompyuta inayokubaliana nacho, na vifaa vya zamani vitaendelea kuuzwa na kutumiwa miongoni mwetu kwa miaka mingi. Aidha, mabadiliko ya ufundi huweza kuuficha ukweli badala ya kuudhihirisha. Katika Windows 10 kifaa kimoja cha namna hii kilionekana mara mbili katika orodha ya vyombo vya sauti, mara kwa njia ya usikilizaji na mara kwa njia ya mazungumzo. Mtumiaji alikanganyikiwa, lakini walau aliona kuwa ziko mbili. Windows 11 imeyaunganisha majina hayo kuwa moja, na kuhama kutoka njia hadi njia hufanyika kimyakimya. Kitu kinapoondoka machoni, neno ndilo linalobaki kukionyesha.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa istilahi zilizopo za vifaa hivi zina kasoro ya kutotenganisha dhana, na kwamba kasoro hiyo si ya kitaaluma tu: inamgharimu mnunuzi fedha, inamvunjia muuzaji heshima bila ya kosa lake, na inamfanya mkalimani alaumiwe kwa neno ambalo hakulisikia. Iko hasara nyingine ambayo haionekani upesi. Yule kijana alipokuwa akitukabidhi kijitabu alituambia kuwa kurasa za Kiswahili hakuzisoma mpaka mwisho, kwa sababu anajua kuwa Kiswahili cha vijitabu "hakisemi kitu". Hakuwa na kejeli. Alikuwa akitoa taarifa.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wenzetu watuletee maoni yao juu ya visikizi, njia ya usikilizaji na njia ya mazungumzo, pamoja na maneno yanayotumika mahali walipo. Ikiwa liko neno bora zaidi kinywani mwa fundi wa Tanga, wa Mombasa au wa Bukavu, tuko tayari kuliacha letu. Tusilokuwa tayari kuliacha ni kanuni: kwamba kinachopokea kiitwe kwa kupokea, na kinachopaza kiitwe kwa kupaza.